Yule jamaa wa fomu za kupima kama wagonjwa wameridhika, wodi ya upasuaji: hana tumbo au hana haya?

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Mnamjua, simtaji. Shati la kuchomekea, klipubodi kifuani kama ngao, kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja yenye wino. Leo saa tisa alasiri kasimama miguuni pa mzee anayesubiri upasuaji wa ngiri. Juu ya kichwa cha mzee kibao cha ASILE KITU kinaning'inia tangu jana. Jamaa akasafisha koo: "Mzee, chakula chetu unakipa ngapi, moja hadi tano?"

CHAKULA. Kwa mtu aliyekula mara ya mwisho jana saa moja jioni. Masaa 20! Hata Ramadhani watu hufuturu.

Na upasuaji wenyewe ulishaahirishwa saa nne asubuhi. Iliingia dharura ya utumbo uliotoboka, meza ni moja, sawa, nani atabisha. Ila thieta (chumba cha upasuaji) hawakupiga simu wodini, kwa hiyo masaa 5 ya mwisho mzee kafunga swaumu isiyo na thawabu. Kanuni ya watu wa usingizi inajulikana: chakula kikome masaa 6 kabla, maji matupu masaa 2. Chai ya rangi inahesabiwa maji, ukitia maziwa ni chakula. Hofu ni kilichomo tumboni kupanda na kuingia mapafuni mgonjwa akiwa hajitambui. Sasa mzee, wa saba kwenye orodha ya upasuaji, ambaye akiwahi sana ni saa nane mchana, maji ya asubuhi yamemkosea nini?

Mzee kajibu "tano". Kwani angejibu nini? Sista inchaji yupo pembeni, kanula ya dripu ipo mkononi mwa mzee. Utampaje mbili mtu atakayerudi usiku na sindano? Jamaa akaweka vema lake, akasonga kitanda cha pili. Moja hadi tano! Chakula!

Kijiwe Namba Moja: Hii chai. Tena ya maziwa, kwa hiyo tusubiri masaa 6 ndipo tuijadili.

Glavu Saba na Nusu: Mleta uzi una hasira nusu na akili nusu. Orodha huruka. Wa tatu presha imepanda, wa nne damu yake haijapatikana, wa tano kipimo hakijarudi, ghafla wa saba anaitwa saa tano asubuhi akiwa na mkate tumboni. Anaahirishwa naye. Ndiyo maana wodi hufungisha wote kuanzia saa sita usiku.

Mleta uzi: Mkate sawa, nimekubali. Maji je? Maji yanataka masaa 2 tu! Na simu ya kusema "leo hafanyiwi, mpeni uji" inataka dakika moja. Halafu mtu anakuja kuuliza CHAKULA.

Kanula ya Pinki: Swali la chakula ni cha mtoto. Lipo la chini yake: "Je, maumivu yako yalidhibitiwa?" Wote tano. Sasa fungua chati. Parasetamo gramu 1 kila masaa 6, yaani mara 4 kwa siku. Hesabu saini: mbili, ya asubuhi na ya jioni. Ile ya usiku wa manane haina mwenyewe, na ndiyo saa ganzi ya mgongo imeshaisha, mshono unaunguruma. Badala ya "umeridhika?" waulize "jana ulipewa dawa mara ngapi?" Hapo fomu itasema kitu.

Msomi wa Kona: Kitaalamu, mgonjwa haulizwi akiwa kitandani. Marekani fomu yao ya maoni ya wagonjwa, HCAHPS, humfuata mgonjwa kati ya masaa 48 na wiki 6 baada ya kuruhusiwa.

Nyuzi Kumi: Msomi, Marekani kitanda ni cha mtu mmoja. Huku watu wamelala mzungu wa nne. Fomu ajaze wa kichwani au wa miguuni?

Zamu ya Usiku: Mnacheka, lakini nesi mmoja kwa vitanda 30 nani anamjazia fomu? Lita moja ya dripu kwa masaa 8, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone kama 42 kwa dakika. Unapanga vizuri, ukigeuka ndugu wa mgonjwa kafungulia kirolei cha kupunguza matone mpaka mwisho "imalizike twende nyumbani". Chupa imeisha kwa dakika 40, lawama kwa sista.

Mkwe Mwema: Hayo madogo. Raundi ya asubuhi, watu 12 wamezunguka kitanda, mmoja kwa sauti ya mnadani: "UMEJAMBA?" Mbele ya wakwe!

Glavu Saba na Nusu: Swali lina maana. Tumbo likifunguliwa, utumbo hulala, na upepo ni dalili kwamba umeamka. Ila siku hizi kwa wengi hakuna haja ya kusubiri ushuzi ndipo apewe uji, na kumtembeza mapema kunasaidia. Sauti tu ndiyo apunguze.

Nyuzi Kumi: Uji? Supu ya kuku.

Zamu ya Usiku: Supu yenyewe mnaleta na mafuta vidole vitatu juu, mgonjwa anatapika, mshono unavutika, tunaitwa sisi.

Mkwe Mwema: Itafika wapi hiyo supu? Mlinzi wa geti saa kumi na mbili na dakika moja jioni hapitishi hotpoti hata ulie.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwa yule wa fomu. Mzee kafunga masaa 20, anaulizwa CHAKU...

Kijiwe Namba Moja: Mleta uzi, uzi wako mwenyewe unaupa ngapi, moja hadi tano?

Nyuzi Kumi: Mkwe, hotpoti nunua ya mfuniko wa kuzungusha. Ile ya kubana inamwaga supu yote kwenye daladala.

Mkwe Mwema: Ya lita mbili bei gani?