Naomba ushauri kabla sijajiunga na shule ya kung fu

Habari zenu wakuu. Nataka kuanza kung fu, na kabla sijalipa ada naomba mawazo ya waliotangulia.

Najua kung fu si mtindo mmoja. Wing Chun ya kusini mwa China ni ya mapigano ya karibu, mikono ikienda haraka. Mitindo mingi ya kaskazini ina mateke marefu na kuruka. Mtindo uitwao Sanda ni ngumi, mateke na kuangushana. Je, nichague mtindo kwanza, au nitafute mwalimu mzuri halafu mtindo ufuate? Mimi naegemea hilo la pili.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni huyo mwalimu. Nitamjuaje? Mkanda mweusi haunisaidii, maana utaratibu wa mikanda ulianzia kwenye judo ya Japani na kila shule ya kung fu hutoa kwa vigezo vyake. Nimepanga kuomba kutazama darasa zima kwanza, nione wanaoanza wanasahihishwa vipi na kama wanaovaana ulingoni wana kinga za meno. Asiyeruhusu kutazamwa, kwangu ni dalili mbaya. Niangalie nini kingine?

Halafu nina goti lililowahi kuumia. Mabu, yaani kusimama miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa kwa muda mrefu, nasikia ndiyo chakula cha kila siku cha mwanafunzi mpya. Daktari nitamwona, hilo halina mjadala. Ila mliofanya mazoezi mkiwa na magoti mabovu, mwalimu alikubali msimame juu kidogo, au alilazimisha?