Mjadala: Muguka ilipigwa marufuku, lakini nani alipima?

MTOA MADA, Mvita
Asalaam aleikum wanabaraza, na wengine hamjambo. Nalirudisha lile la Mei 2024. Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, yale majani yanayotafunwa kukesha, hapa Mombasa; Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Siku chache tu, Rais Ruto akasema amri hizo hazina nguvu kwa sababu muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasitisha marufuku ya Mombasa na Kilifi. Vibanda vikafunguliwa, vijana wakarudi baze, pale wanapokaa kutafuna.

Linalonikera ni hili. Marufuku iligusa muguka, miraa ikaachwa. Ni mmea mmoja huo, Catha edulis, na katinoni, ile kemikali inayomfanya mtu akeshe, ni ileile. Tofauti ninayoiona mimi ni mfuko wa mlaji: miraa hufungwa kwa jani la mgomba ikaliwa na mwenye nazo, muguka hutiwa kijikaratasi ikauzwa shilingi 50. Sayansi gani iliyotenganisha hayo mawili? Amri ilitangulia, ushahidi ukatumwa mbio uifuate. Mimi nasema pimeni kwanza.

MAMA WA KISAUNI
Upime nini, baba? Njoo kwangu. Mwanangu ana miaka 19. Siku ya pili hii hajalala, shavu moja limetuna kama aliyeng'atwa na nyuki, anakodolea ukuta na kusaga meno. Akitaka usingizi anakwenda duka la dawa kununua vidonge. Mtoto akizama pale Ferry, utatafuta kwanza kamba ya kupimia kina?

MPIMA DAMU
Pole mama. Mimi ni mtu wa maabara, nisikilizeni kidogo. Katinoni imo katika jani bichi. Jani likinyauka, katinoni hugeuka katini, ambayo nguvu yake ni ndogo. Ndiyo maana madereva wanateremka kutoka Embu usiku kucha, kama kilomita 600, utadhani wanafukuzwa. Kwa hiyo aliyekula mzigo wa asubuhi na aliyeokota masalia ya magharibi hawakula kitu kimoja, ingawa sheria inawaita wote walaji muguka.

Na daftari zetu zina aibu. Kijana akiletwa amechanganyikiwa, tunaandika "dawa za kulevya", basi. Kumbe alitafuna, akavuta bangi, akameza vidonge juu yake. Mwisho wa mwaka mtu anataka tumwambie muguka peke yake imewaharibu wangapi. Daftari ile haiwezi kujibu.

WAKILI WA BARAZANI
Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Udhibiti wa dawa za kulevya umewekwa upande wa kaunti. Muguka ikiwa dawa, gavana ana pa kusimama. Ikiwa zao, inalindwa na Sheria ya Mazao ya 2013. Kuamua ni kipi kati ya hivyo viwili ni kazi ya watu wa maabara, lakini tuliachiwa sisi wenye tai tubishane.

MTU WA MIKINDANI
Mnaiamini mno sayansi nyinyi. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapa kwetu, na vipimo vilikuwepo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitoa moshi na maji machafu, madini ya risasi yakaingia katika damu za watoto. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi humo, na mtoto wake mwenyewe alikutwa nayo katika damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Utafikiri siku ya pili yake watu walilipwa? Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ilitoa hukumu Julai 2020, fidia shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023. Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu ikairudisha. Kwenye risasi, vipimo vya damu havikutosha. Kwenye muguka, hata swali la vipimo halikuulizwa.

MTOA MADA, Mvita
Hapo umenishika, sikatai. Hata Uingereza, baraza la wataalamu liliishauri serikali mwaka 2013 isipige marufuku miraa, kwa kuwa ushahidi wa madhara ni haba. Waziri Theresa May akaipiga marufuku, na kufikia Juni 2014 ikawa haramu. Lakini ripoti ilikuwepo, mtu angeweza kuisoma na kumwuliza waziri, "Mbona umekwenda kinyume?" Sisi tumwulize gavana kwa karatasi gani?

MUUZAJI, Kongowea
Mimi ndiye mnayenisema. Mtoto mwenye sare simuuzii, wallahi, ila jirani yangu anamuuzia. Wekeni sheria ya umri, wekeni umbali na shule, nitatii. Ile amri ilipotoka mzigo ulipita njia za panya, ya 50 ikawa 150, wateja walewale. Aliyekosa pesa alikwenda kuuza simu ya mamake.

DUKA LA KONA
Ndugu muuzaji, hiyo karatasi ya plastiki unayotilia muguka ilipigwa marufuku Agosti 2017. Bado unayo.

MUUZAJI, Kongowea
Hiyo sasa umeniweza.

MAMA WA KISAUNI
Mnacheka. Simu yangu mimi iliuzwa kweli. Haya, mmesema tupime, nimekubali. Niambieni nimpeleke wapi, saa ngapi, na kiasi gani.

MPIMA DAMU
Mama, mlete kwetu Jumatatu saa mbili asubuhi, nitakuandikia njia pembeni. Daktari wa akili atamwona. Kuhusu kipimo, nisikudanganye: vifaa tulivyo navyo vinaonyesha bangi na heroini. Cha katinoni hatuna.