Ukaazi wa kidijitali wa Palau, wa Estonia, au nyaraka za hapa hapa Kigoma: kipi kinamaliza suala la anwani?

Kijana wa Gungu
Wakuu, habari za jioni. Nipo Gungu, Kigoma, nachora nembo na mabango kwa wateja wa nje. Pochi ya mtandaoni ninayopokelea dola imeanza kudai uthibitisho wa anwani. NIDA wameipokea vizuri tu, kwenye anwani ndiyo wamegoma. LUKU nanunua kwa simu na mita ina jina la mwenye nyumba. Ankara ya maji ya KUWASA bado inakuja kwa jina la marehemu baba yake. Sanduku la posta hawataki hata kulisikia. Sasa jamaa mmoja ananishawishi nilipie kitambulisho cha ukaazi wa kidijitali cha Palau, ile nchi ya visiwa vya Pasifiki, mwingine anasema Estonia ndiyo mpango mzima. Hela ninayo ya kimoja. Wenye uzoefu naomba mwongozo.

Mnyamwezi Asilia
Mkuu, mimi nipo Isevya, Tabora, na nilifuatilia sana ya Estonia. Programu yao ilianza Desemba 2014 na ni nzuri kwa lengo lake: unafungua kampuni ya Ulaya na kuiendesha ukiwa popote, unasaini nyaraka kwa kadi na PIN zake mbili. Lakini kadi haina hata picha yako. Siyo hati ya kusafiria, haikupi haki ya kuishi kule, haikufanyi mlipa kodi wa Estonia, na akaunti ya benki haiji nayo. Ada inapita yuro 100, na kadi unaifuata mwenyewe, wanachukua alama za vidole. Ubalozi wa Estonia hapa nchini hakuna, kwa hiyo ongeza na nauli. Kwa mtu anayechora nembo? Hapana.

Ziwa Tanganyika
Ndiyo maana mimi nasema Palau. Unaomba mtandaoni, kadi ina picha, imetolewa na serikali kwa sheria yao. Walianza 2022, na wa kwanza kupewa ni Vitalik Buterin, yule mwanzilishi wa Ethereum, mtandao wa sarafu za kidijitali. Hamna safari ya ubalozini.

Mnyamwezi Asilia
Buterin hajakwama kwenye ankara ya maji, mkuu. Kijana kasema kitambulisho kimeshakubaliwa! Unamuuzia cha pili cha nini? Bei ya mwaka mmoja niliiona dola 248, na kampuni kuipokea kadi ile au kuikataa ni hiari yake.

Mama Kanyenye
Wanangu mnabishana pembeni ya swali. Nimefanya kazi dirishani benki miaka mingi, niseme linavyokwenda.

Wanauliza mambo mawili tofauti. La kwanza, wewe ni nani: hapo NIDA au pasipoti. La pili, unalala wapi: hapo wanataka karatasi ya mtu mwingine anayekufahamu kwa anwani hiyo, kama benki, mamlaka ya maji au ofisi ya serikali, yenye jina lako kamili na tarehe isiyozidi miezi mitatu. Kadi ya Palau wala ya Estonia haijibu swali la pili. Na ukiandika unaishi Palau huku simu yako inasoma Kigoma kila siku, siku wakikagua wanafunga akaunti na hela imo ndani. Kwenye fomu ya kodi pia unajaza nchi unayoishi kweli, na TIN ya TRA.

Kijana wa Gungu
Shikamoo mama. Barua ya serikali ya mtaa ninayo, ina muhuri wa mwenyekiti. Wameikataa.

Mama Kanyenye
Marahaba. Imeandikwa kwa Kiswahili, siyo? Na sehemu ya anwani wameandika "mkazi wa Gungu" basi. Anayeikagua yuko mbali, haoni namba ya nyumba wala barabara. Angalia kibao kilichobandikwa mlangoni tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, au tafuta nyumba yenu kwenye NaPA, programu ya serikali ya anwani za makazi. Utapata namba, jina la barabara na postikodi ya tarakimu tano, kwenu Kigoma zinaanza na 47. Nenda nayo benki kwako pamoja na barua hiyo hiyo na mkataba wa pango, waombe wabadilishe anwani kwenye taarifa zako. Ikishaingia, omba taarifa ya akaunti iliyogongwa muhuri. Ile inatoka kwa Kiingereza, na anwani unayojaza kwenye pochi ifanane nayo herufi kwa herufi.

Ziwa Tanganyika
Hapo kwenye herufi kwa herufi nakubali. Kuna sehemu walinikatalia kwa "Mtaa wa" tu. Ila Palau bado naitetea kwa ambaye hana pasipoti.

Mnyamwezi Asilia
Palau wenyewe wanataka pasipoti au kitambulisho cha taifa ndipo wakupe, mkuu 😂

Kijana wa Gungu
Kibao kipo, kimepakwa rangi na mafundi, namba inasomeka kwa shida. Mkataba wa pango tulikubaliana kwa mdomo. Mwenye nyumba yupo Kasulu, anarudi Ijumaa.

Mama Kanyenye
Akirudi muandikishane, mpeleke kwa mwenyekiti awagongee. Na hiyo ankara ya maji mwambie akabadilishe jina, itamsumbua yeye kabla yako.