Mafundi mnaotoa themostati za watu kimyakimya, mnatuulia magari

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, naomba mnivumilie. Kwa asiyeijua, themostati ni kile kivali kinachofunga na kufungua njia ya maji ya kupoza injini kulingana na joto. Hasa nyie wenzangu wa Vitz, Passo na IST za zamani, someni hadi mwisho halafu kesho asubuhi mkafungue boneti.

Gari yangu ni Vitz ya 2006, injini 1KR, ile ya silinda tatu. Namba D, nilinunua mkononi kwa mtu. Kwa asiyezijua, Vitz hizi hazina mshale wa temprecha kwenye dashibodi. Zina taa mbili tu. Ya bluu inawaka injini ikiwa ya baridi, na inatakiwa izime ukishatembea kidogo. Nyekundu inawaka injini ikizidi joto. Katikati ya hizo mbili hakuna kitu chochote cha kukuambia joto limefika wapi.

Mwezi wa tatu, nikiwa kwenye foleni ya Buguruni jioni, nyekundu ikawaka na kuzima mara tatu nne hivi. Nikatoka barabarani, nikazima gari, nikasubiri ipoe. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa gereji. Sikusubiri wiki iishe, sikusubiri mshahara. Naliweka hili wazi kwa sababu najua wapo watakaokuja kuandika kwamba wenye magari hatujali magari yetu.

Gari ikalala. Siku ya pili jioni nikalipa 120,000, fundi akaniambia: "Bosi, mfumo wa maji nimeufanyia sevisi wote, haitakusumbua tena." Nikamuuliza shida ilikuwa nini. Akanijibu uchafu. Hakunionyesha spea ya zamani hata moja, wala mimi sikudai, na risiti hakuna.

Kuanzia siku hiyo taa ya bluu ikagoma kuzima. Natoka Tabata alfajiri barabara nyeupe, nafika Posta bado inawaka. Feni nayo ikawa inazunguka muda wote, hata asubuhi nikiwasha tu gari na injini ni ya baridi kabisa. Mafuta yakaanza kuisha upesi: lita moja iliyokuwa inanipeleka kilomita 15 kwenye mizunguko yangu ikawa inaishia 11. Nikampigia simu fundi. "Bluu ni baridi bosi, na baridi ndiyo tunayoitaka. Ukiona nyekundu ndiyo unipigie."

Nilimwamini. Yeye ndiye fundi.

Kila Jumapili nilikuwa nafungua boneti na kuangalia kile kidumu cha akiba cha maji ya rejeta. Kila Jumapili maji yako mstari wa juu. Nikawa nafunga boneti roho imetulia.

Mwezi wa sita nilikuwa namrudisha mama Iringa. Alikuwa kwangu Dar, katoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja bado limefunikwa. Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Chalinze, Morogoro, Mikumi tukapita taratibu kama sheria inavyotaka, Ruaha Mbuyuni tukapumzika na mama akanunua vitunguu. Mpaka hapo gari haina neno.

Kisha Kitonga. Anayeijua haihitaji maelezo. Ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, malori yanapanda kwa gia ya kwanza na wewe uko nyuma yake huna pa kupitia. Nilikuwa nimeshazima kiyoyozi tangu chini. Kwanza nikasikia harufu ya mpira na chuma cha moto. Halafu gari ikapoteza nguvu, nakanyaga mafuta haiitikii. Nyekundu ikaja ya mwisho kabisa, wakati injini tayari inagonga. Nyuma yangu kuna lori, pembeni hakuna nafasi. Nikasogea nayo kama mita mia mbili hivi mpaka palipopanuka, na hizo mita mia mbili ndizo zinazoniuma mpaka leo.

Nikamtoa mama nikamkalisha kwenye jiwe, akajifunika kanga jicho lisiingie vumbi. Akaja kijana na dumu la maji baridi, anataka kufungua mfuniko wa rejeta palepale amimine. Nikamzuia, na wewe unayesoma usikubali hata siku moja: mvuke unaokaa mle ndani unababua uso, na maji baridi kwenye injini iliyoiva yanapasua hedi, kile kipande cha juu cha injini. Tukasubiri karibu saa nzima. Nikakunja kitambaa, nikafungua taratibu nikitegemea ipumue.

Haikupumua. Nikachungulia ndani, hakuna tone. Nikaingiza kidole, kikatoka na tope la rangi ya udongo mwekundu. Na pembeni yake, wakuu, kile kidumu cha akiba kimejaa mpaka mstari wa juu.

Naomba hapa tuelewane vizuri, kwa sababu wengi tunaangalia kidumu na kuondoka. Mfuniko wa rejeta siyo kizibo. Una vali mbili. Moja inashikilia shinikizo, ndiyo maana juu yake pameandikwa namba kama 0.9 au 1.1, na mpya za Toyota utakuta 108. Maji yakipata joto yanatanuka, ziada inakwenda kwenye kidumu. Vali ya pili inafanya kazi injini ikipoa: inaruhusu maji yale yavutwe kurudi kwenye rejeta. Mpira wa mfuniko wangu ulikuwa umekatika, kwa hiyo maji hayarudi. Rejeta inakauka wiki hadi wiki, kidumu kinaonekana kimejaa. Angalia rejeta yenyewe, asubuhi, gari ikiwa ya baridi kabisa.

Na nyekundu ilichelewa kwa sababu sensa ya joto inapima maji. Imejengwa ikae ndani ya maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, haisomi joto lile lile la chuma. Taa unayoitegemea inakutupa siku ile ile unayoihitaji.

Winchi mpaka Iringa mjini, 200,000. Tukashushwa Ipogolo kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo. Kwanza alimsalimia mama, "Kamwene," akamtafutia kiti kivulini, ndipo akageukia gari. Hakuanza kufungua ovyo. Alilala chini na tochi, akaniita nilale naye. Kwenye wota pampu, ile inayosukuma maji ya kupoza injini, kuna kitundu kidogo chini ya shafti, na pembeni ya kitundu kile palikuwa pameganda unga wa pinki. "Hiyo ni kulanti, dawa ya kupoza injini, ya zamani, ya Toyota yenyewe, ilivuja ikakauka hapo. Pampu imeanza kuvuja siku nyingi, mwanangu. Aliyefungua gari hii kabla yangu aliuona huu unga au hakutazama."

Halafu akafungua nyumba ya themostati. Akaingiza kidole, akakizungusha, akakitoa. Mtupu. Hakuna themostati, kuna silikoni tu imepakwa pembeni kuzuia kuvuja. Akanitazama usoni. "Ulimwambia aitoe?"

Sikuwahi kumwambia. Sikujua kwamba mle ndani kulikuwa na kitu cha kutolewa.

Hiyo ndiyo sevisi niliyoilipia 120,000. Alichomoa themostati, akaunga feni moja kwa moja izunguke muda wote, akajaza maji. Ya bomba au ya kisima sijui, lakini wote tunajua maji ya visima vya Dar yalivyo na chumvi, na injini hii ni ya aluminiamu. Pampu inayovuja akaiacha, mfuniko uliokatika akaurudisha.

Mzee alipoinua hedi akaweka rula ya chuma juu yake, akapitisha geji chini, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ya milimita 0.20 ikapita katikati bila kulazimishwa. Hedi imepinda. Hesabu yote hii hapa: kazi 200,000, kuchonga hedi 60,000, gasketi 95,000, wota pampu 90,000, themostati 35,000, mfuniko 15,000, kulanti 45,000. Weka na winchi, 740,000. Mfuniko wa shilingi 15,000 na pampu ya 90,000 vingebadilishwa mwezi wa tatu, mama yangu asingekaa juu ya jiwe Kitonga na jicho bichi.

Sasa hoja yenyewe, maana najua mtaileta: "nchi yetu ya joto, themostati ya nini?" Nimeisikia gereji zaidi ya moja. Themostati haiko pale kwa ajili ya theluji. Inafunga injini ipate joto upesi, inaanza kufungua kwenye nyuzi 80 hadi 84, kisha inalishikilia joto hapo. Ukiitoa, maji yanapita rejeta muda wote, injini haifiki joto lake. Kompyuta inasoma baridi, inaongeza mafuta. Ndiyo zile kilomita 11 zangu. Ndiyo bluu isiyozima. Taa ile ilikuwa inaniambia ukweli kila asubuhi kwa miezi mitatu, na fundi ananiambia ni habari njema.

Wala haipozi vizuri zaidi mlimani. Themostati za injini nyingi za Toyota zina sahani ya pili nyuma, ambayo gari ikishika joto inaziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukishaichomoa, njia ile inabaki wazi, maji mengine ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Kwenye foleni hutaona. Utaona Kitonga, utaona mlima wa Sekenke.

Na maji matupu bila kulanti, kwenye mfumo usioshika shinikizo, yanachemka kwenye nyuzi 100 hapa pwani. Ukipanda Iringa, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na mfuniko mzima vinakupa nafasi kubwa sana juu ya hapo. Fundi aliniacha bila vyote viwili, akapokea hela.

Niliporudi Dar nilikwenda kwake. Sikwenda kugombana, nilikwenda kuuliza. Hakukataa. "Bosi, sisi wote huwa tunatoa, hiyo ndiyo dawa yake." Nikamwambia sawa, naomba themostati yangu. Akamtuma kijana, kijana akaleta kopo la rangi la lita nne. Limejaa themostati. Zimelaliana na vumbi na oili, za saizi zote, nyingine bado zina mpira wake mzuri kabisa. "Chagua, mojawapo ni yako."

Wakuu, nilisimama nikalitazama lile kopo. Kila kipande mle ni gari ya mtu. Kuna mtu yuko barabarani sasa hivi, bluu inawaka, ameambiwa ni vizuri, ana watoto nyuma anapanda mahali.

Nikachukua sita zinazolingana na yangu, nikaja nazo nyumbani. Nikaweka sufuria ya maji jikoni, nikazifunga uzi zisiguse chini, nikakaa nazitazama. Vipovu vidogo vilipoanza kupanda pembeni ya sufuria, kabla maji hayajatokota, ya kwanza ikaanza kufunguka. Ikafuata ya pili. Maji yalipotokota, tano zilikuwa wazi kwa upana wa karibu sentimita moja, kama zinavyotakiwa. Nikazima moto, zikafunga zenyewe moja moja. Moja tu ndiyo iliyokwama.

Tano nzima. Watano wamelipishwa kwa kutolewa kitu kizima na kuachiwa ugonjwa ndani.

Nimerudi kwake jana na picha za sufuria ile. Nimemwomba namba za simu za wenye magari aliyowatolea themostati tangu mwaka uanze, nipige mimi mwenyewe kwa vocha yangu niwaambie wakaangalie rejeta zao. Ameniambia hana daftari, wateja hawakumbuki.

Kwa hiyo naandika hapa. Kama Vitz, Passo au IST yako iliwahi kuchemsha, ikapelekwa gereji, na tangu hapo taa ya bluu inakaa nusu saa na feni haipumziki, peleka kwa fundi mwingine afungue nyumba ya themostati wewe ukiwa umesimama pale. Ukikuta patupu, niandikie. Hizi tano bado ninazo.