Kadi ya debiti na kadi ya mkopo: zote zina Visa, tofauti ni nini?

FundiMilango_Amu
Assalam aleikum jamaa. Mimi nachonga milango hapa Lamu, Langoni. Patasi nzuri huziagiza ng'ambo kwa intaneti, nalipia kwa kadi ya debiti niliyopewa nilipofungua akaunti. Sasa benki yanitaka nichukue na kadi ya mkopo, kikomo shilingi 40,000. Nikizitazama, zote zina Visa, zote zina tarakimu 16. Zatofautiana wapi hasa?

Keshia_Malindi
Waaleikum salaam kaka. Nimekaa kaunta ya hoteli hapa Malindi miaka mingi, kadi za Wataliano zimepita mikononi mwangu za kila aina. Hiyo Visa ni njia tu ya kupitishia malipo, usiitazame. Uliza pesa inayotoka ni ya nani. Debiti huchota akaunti yako mwenyewe. Ya mkopo, benki ndiyo humlipa mwenye duka, nawe ukawa mdaiwa wa benki. Kila mwezi yaja taarifa yenye tarehe ya kulipa. Ukimaliza deni zima kabla ya tarehe hiyo, kwa kawaida manunuzi hayatozwi riba.

Mtego uko kwenye "kima cha chini cha kulipa", yaani kiasi kidogo kabisa ambacho benki hukubali ulipe kwa mwezi. Unadaiwa 40,000. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi na kima cha chini asilimia 10. Umelipa 4,000, moyo umetulia. Kumbe 1,200 imekwenda kwa riba, deni limepungua 2,800 tu! Na ATM usiende nayo kabisa kutoa pesa taslimu: kuna ada, na riba huanza kuhesabiwa mara moja.

Inaponifurahisha ni hotelini. Mgeni akiingia, hoteli huzuia kiasi fulani kama dhamana. Akitoa debiti, hizo ni pesa zake zimefungwa, na huenda zikakaa siku kadhaa hata baada ya yeye kuondoka. Nimeona watu wazima wakihangaikia nauli na pesa zao zipo. Kwa kadi ya mkopo, kinachopungua ni kikomo tu.

Binti_Shela
Na wizi pia. Nambari za debiti zikiibwa, ni akiba yako imeondoka wakati benki ingali inachunguza. Mimi nina akaunti ya pembeni ya manunuzi ya intaneti, natia bei ya kitu basi.

FundiMilango_Amu
Ahsanteni dada zangu. Linalonikera ni riba. Hata nikilipa kwa wakati, si mkataba wenyewe una sharti la riba?

Keshia_Malindi
Unalo, na ndiyo sababu wengi huku pwani hawaigusi. Kuna kadi za mfumo wa Kiislamu, zenye ada badala ya riba. Lakini taka ada zote kwa maandishi, hasa ile ya kuchelewa kulipa, na uulize inakwenda wapi. Kwa patasi, kaka, debiti yakutosha. Fungua tu akaunti ya pembeni kama alivyosema Binti_Shela.