Je, Solaris bado ina soko la kesho?

Swali
Ndugu wataalamu, salaam. Taasisi ninayofanyia kazi huendesha hifadhidata yake ya Oracle juu ya mfumo endeshi wa Solaris 10 kwenye seva zenye prosesa za SPARC, na mkataba wa matengenezo unakaribia kwisha. Mkuu wangu ameniuliza kama tununue seva mpya na kupanda hadi Solaris 11.4, au tuachane nayo kabisa. Naupenda mfumo huu, kwa hiyo naogopa kumjibu kwa mapenzi badala ya hesabu.

Jibu la kwanza
Oracle imeahidi kuihudumia 11.4 angalau hadi 2034, hivyo haitazimika kesho. Lakini kuhudumia wateja waliopo ni jambo moja, na kupata wapya ni jingine. Toleo hilo lilitoka Agosti 2018, na tangu hapo tunapokea viraka na nyongeza ndogo ndogo tu. Prosesa ya mwisho ya Oracle, SPARC M8, ilitoka 2017, mwaka uleule kampuni ilipowapunguza wahandisi wengi wa Solaris. Utanunua jahazi imara ambalo karakana yake imekwisha kufungwa.

Jibu la pili
Hesabu hiyo naikubali, ila mfumo haukuanguka kwa ubovu. Solaris 10 ilikuja mwaka 2005 ikiwa na DTrace (chombo cha kuchunguza mfumo ukiwa kazini) na zoni (vyumba vilivyotengwa ndani ya mfumo mmoja), miaka minane kabla ya Docker, chombo maarufu cha kutenga programu, na ZFS, mfumo wa kupanga faili diskini, ikafuata 2006. Iliyoiumiza kwanza ni Linux kwenye seva nafuu za x86, yaani prosesa za aina ya Intel. Kisha Oracle, iliyoinunua Sun Microsystems, waundaji wa Solaris, Januari 2010, ikaufunga mradi wa OpenSolaris, Solaris ya msimbo huria, mwaka huohuo. Kijana aliyeipata Linux bure chuoni angeijulia wapi Solaris? Na mwajiri hununua mfumo atakaoupatia mafundi.

Muulizaji
Nashukuru. Basi tukihamia Linux, diski zetu za ZFS zitasomeka?

Jibu la kwanza
Kagua kwanza toleo la zpool, yaani fungu la diski zinazosimamiwa na ZFS. OpenZFS, ZFS huria itumikayo kwenye Linux, husoma hadi toleo la 28, na yanayozidi hapo ni ya Oracle peke yake, wala zpool iliyokwisha kupandishwa hairudi nyuma. Kumbuka pia kwamba SPARC na x86 hupanga baiti kinyume, kwa hiyo faili za hifadhidata zitahitaji kugeuzwa kwa RMAN, chombo cha Oracle cha nakala rudufu, hata kama diski zenyewe zinasomeka. Programu kongwe isiyohamishika iwekeni ndani ya zoni ya Solaris 10 kwenye mashine moja ya 11.4, na fedha iliyobaki isinunue SPARC nyingine.