Ushauri: Nitaongoza kundi la watu tisa kupanda mlima kwenye theluji nene

Msafiri wa Clyde:
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninaishi Glasgow, na Jumamosi ya kwanza ya Februari ninatarajia kuwaongoza wenzangu wanane wa jumuiya yetu kupanda Meall a' Bhuachaille, mlima wa mita 810 ulio juu ya Glenmore, katika eneo la Cairngorms, Uskoti. Nimeupanda mara tatu, zote wakati wa kiangazi. Njia ina kilomita zipatazo 9: tunapita ziwa la An Lochan Uaine, tunafika kwenye kibanda cha mawe cha Ryvoan, ndipo tunaanza kupanda. Kwa kanuni ya mpanda milima Naismith ya mwaka 1892, yaani saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda, nimepata saa mbili na nusu hivi. Hata hivyo, theluji sasa inafika magotini, na watatu kati yetu hawajawahi kuikanyaga mlimani. Naomba mnieleze nitawawekaje watu pamoja, na nitajuaje kwamba wakati wa kurudi umefika.

Mzee wa Marangu:
Marahaba, mwanangu. Niliongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi kabla sijahamia huku Inverness, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kuizidisha hesabu yako mara mbili, kwa sababu Naismith alihesabu mwendo wa njia iliyo wazi. Katika theluji ya magotini, anayetangulia ndiye anayefanya kazi ya wote. Abadilishwe kila baada ya dakika kumi, kabla hajatoka jasho, kwa maana nguo iliyolowa jasho humgandisha mtu mara tu mnaposimama. Hatua zake zipimwe kwa miguu ya aliye mfupi kuliko wote, ili wanaofuata wakanyage mashimo yale yale. Nyuma kabisa aweko mtu mmoja imara ambaye habadilishwi.

La pili ni zito zaidi. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa na homa, kwa hiyo usimwulize mtu hali yake ukaridhika na jibu, mtazame mikono. Binti mmoja katika kundi langu alinijibu, "Nzuri, twende tu," huku akihangaika na zipu ya koti lake. Kidole gumba kiliteleza juu ya kishikio mara tatu, mara nne, wala hakuwa na habari kwamba glovu ya mkono ule ilikuwa imekwisha kuanguka. Niliwageuza wote pale pale, ingawa kilele tulikuwa tunakiona. Mtu akianza kujikwaa, kunyamaza au kushindwa kufunga zipu, joto la mwili wake limeanza kushuka, na hapo hakuna tena mjadala.

Mwanakheri, Edinburgh:
Naunga mkono maneno ya mzee, na naongeza habari ya upepo. Ukivuma kutoka magharibi, huichukua theluji na kuilundika upande wa mashariki, na kutoka Ryvoan mtapandia upande huo huo. Usishangae basi ukikuta theluji ya mapajani mahali ulipopita kwa urahisi Julai. Miteremko ya digrii 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi, kwa hiyo kaeni kwenye bega pana la mlima na msikate njia ya mkato. Majira ya baridi, SAIS, yaani huduma ya Uskoti ya habari za maporomoko ya theluji, hutoa kila siku taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, na Cairngorms ya Kaskazini ina ukurasa wake. Isome Ijumaa jioni na tena asubuhi kabla ya kuondoka. Nunua pia turubai la dharura ambalo nyote tisa mnaweza kuketi chini yake. Kibanda cha Ryvoan hakifungwi kwa kufuli, lakini usikitegemee mkiwa juu: Novemba 1971, vijana watano na kiongozi wao mmoja walikufa kwa baridi kwenye uwanda wa Cairngorms baada ya kushindwa kufikia kibanda walichokikusudia.

Msafiri wa Clyde:
Nimewasikia, na nawashukuru sana. Tutaanza saa tatu asubuhi, na kwa kuwa jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, nitatangaza mbele ya wote kwamba ikifika saa saba mchana tunageuka, popote tulipo. Je, nikiona pale Ryvoan kwamba wale watatu wamechoka, niwaache kibandani na mtu mmoja tuwapitie tukirudi?

Mzee wa Marangu:
Hapana, mwanangu. Hamtarudi kwa njia ile ile, kwani kutoka kileleni mtateremkia Glenmore kwa upande mwingine, na anayekaa kibandani bila moto hupoa haraka kuliko anayetembea. Akichoka mmoja, mnywe chai ya moto hapo, kisha mrudi Glenmore nyote tisa. Simu yako iweke ndani ya fulana, karibu na mwili, maana baridi humaliza betri; ikibidi, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji waokoaji wa milimani.